Majibu ya Damu Hayaeleweki: Usiache Mkate Kabla ya Kuonana na Bingwa



Yako majibu ya maabara ambayo humchosha mgonjwa kuliko majibu mabaya. Ni yale yasiyosema ndiyo wala hapana. Mtu aliyeambiwa ana malaria hunywa dawa. Aliyeambiwa ana kisukari hulia kidogo, kisha huanza kliniki. Lakini aliyeambiwa "kuna kitu kidogo kimeonekana, nenda kwa bingwa baada ya wiki saba" hurudi nyumbani na karatasi asiyoielewa, na hizo wiki saba huwa ndefu kama Kwaresima mbili.

Mwaka huu aliletwa kliniki binti wa chuo mwenye umri wa miaka 21, akisindikizwa na mama yake kutoka upande wa Kabanga. Alikuwa ameharisha miezi minane, inapoa wiki moja, inarudi wiki mbili. Alikuwa amekonda, tumbo limejaa gesi, na damu yake ilikuwa 7.8. Alikwisha kumeza vidonge vya kuongeza damu kwa miezi mitatu bila damu kupanda. Kijijini majirani walikuwa wamekwisha kumpa ugonjwa wao wenyewe, ule ambao watu husema kwa sauti ya chini, ingawa kipimo cha Virusi vya UKIMWI kilikuwa kimetoka safi mara mbili. Daktari alituma damu yake kwenye maabara kubwa ili ipimwe ugonjwa uitwao seliaki. Majibu yalikuja yakiwa yamepita kidogo tu juu ya mpaka. Daktari akaandika rufaa ya kwenda Bugando.

Mama akaniuliza, "Sista, basi mwanangu aache mkate na chapati kuanzia leo?"

Nikamjibu, "Hapana mama, bado. Aendelee kula mpaka bingwa amwone."

Alinitazama kama mtu aliyesikia vibaya. Na ni haki yake kushangaa, kwa sababu tumezoea kwamba kitu kikishukiwa kuwa sumu kinaondolewa mara moja. Makala hii ni kwa ajili ya mama huyo na wengine wanaongoja kama yeye.

UGONJWA WENYEWE

Ngano, shayiri na rai zina protini inayoitwa gluteni. Ndiyo inayofanya unga wa chapati uvutike bila kukatika. Watu wengi huila bila shida yoyote. Lakini wapo waliozaliwa na mwili ambao, gluteni ikifika katika utumbo mwembamba, askari wa mwili huiona kama adui, wakaanza kupiga vita. Bahati mbaya vita hivyo hupigwa juu ya utumbo wenyewe. Ndani ya utumbo mwembamba kuna vinyweleo vidogo sana, mfano wa nyuzi za taulo, na kazi yake ni kufyonza chakula. Katika seliaki vinyweleo hivyo hulala na kusagika mpaka ukuta unakuwa laini kama sakafu. Mtu anakula, lakini chakula kinapita. Madini ya chuma hayaingii, ndiyo maana damu haipandi hata akimeza vidonge. Kalsiamu haiingii, mifupa inadhoofika. Mtoto hakui. Wengine hawaharishi kabisa, bali wana upungufu wa damu tu, au vidonda vya mdomoni visivyokwisha.

Seliaki haiambukizi. Tena siyo mzio wa kawaida kama ule wa kuvimba uso baada ya kula samaki. Hufuata ukoo: ndugu wa tumbo moja, mzazi au mtoto wa mgonjwa wana hatari kubwa kuliko watu wengine. Watoto wenye kisukari cha kuchoma insulini nao huupata zaidi.

Wengi wetu tulifundishwa vyuoni kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Si kweli. Kati ya watoto wa Wasahrawi, wakimbizi wanaoishi makambini karibu na Tindouf huko Algeria, utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta zaidi ya watoto 5 katika kila 100 wanao. Hao ni Waafrika, na chakula chao kikuu ni mkate wa ngano. Hapa kwetu Ngara na Biharamulo chakula ni ndizi, maharage, ugali wa mahindi au wa muhogo, viazi vitamu, mtama na ulezi. Vyote hivyo havina gluteni. Kwa hiyo mtu anaweza kukulia Rulenge au Nyakahura na mwili wenye ugonjwa huu bila kuonyesha mengi, hadi aende shule ya bweni au mjini, ambako asubuhi ni maandazi, mchana chapati maharage, na jioni tambi. Binti yule dalili zilimwanza alipoingia chuo.

Historia ya ugonjwa huu itawafurahisha wenye migomba. Mwaka 1924 daktari wa Marekani, Sidney Haas, alitangaza kwamba anawaponya watoto wa seliaki kwa kuwalisha ndizi mbivu. Watoto walinenepa kweli, na kwa miaka mingi hospitali za huko zilisifu ndizi kuwa dawa. Lakini Haas aliwazuia pia mkate, na hapo ndipo ilipokuwa siri. Daktari wa Uholanzi, Willem Dicke, alikuwa akichunguza jambo hilo tangu kabla ya vita. Katika njaa kali ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 mkate uliadimika, akaona watoto wenye seliaki wanapata nafuu badala ya kuzidiwa. Mkate uliporudi, ugonjwa ukarudi. Mwaka 1950 aliandika tasnifu kuonyesha kwamba chanzo ni ngano.

KWA NINI MAJIBU HUTOKA NUSUNUSU

Kipimo cha kwanza ni cha damu. Karatasini huandikwa tTG-IgA. Kinahesabu kingamwili, yaani silaha ambazo mwili hutengeneza katika vita ile niliyoitaja. Kila maabara ina mpaka wake, kwa hiyo namba 18 ya maabara moja siyo 18 ya nyingine. Usilinganishe karatasi yako na ya mtu mwingine, wala na namba ulizotumiwa kwenye simu. Angalia mpaka ulioandikwa pembeni ya namba yako.

Namba ikipita mpaka mara kumi au zaidi, shaka ni ndogo. Huko Ulaya mtoto mwenye namba kubwa hivyo, kikithibitishwa na kipimo cha pili cha damu, anaweza kuhesabiwa mgonjwa bila kukatwa kinyama. Tabu ipo kwenye namba iliyo mpakani. Mtu mwenye ugonjwa wa ini, mwenye maambukizi fulani, au mtoto aliyegunduliwa kisukari karibuni anaweza kuwa na namba iliyopanda kidogo bila kuwa na seliaki, na baadaye ikashuka yenyewe.

Kinyume chake pia hutokea. Wapo watu ambao mwili wao hautengenezi ile IgA ya kutosha. Kwao kipimo hutoka safi hata kama utumbo umeharibika. Katika kila wagonjwa 100 wa seliaki, wawili au watatu wako hivyo. Kwa hiyo ni halali kabisa kumwuliza daktari, "Je, IgA yangu yote imepimwa?" Siyo ujeuri. Kama haikupimwa, jibu safi si jibu kamili.

Sababu inayotuhusu zaidi sisi watu wa huku ni hii: silaha hutengenezwa wakati adui yupo. Mtu anayekula chapati siku ya Krismasi na ya Pasaka tu, kingamwili zake zinaweza kuwa chache au zisionekane. Na aliyekuwa anakula ngano kila siku, kisha akaacha miezi miwili kwa sababu jirani alimshauri, anaweza kupata majibu safi na vinyweleo vilivyoanza kuota upya. Bingwa atatazama na hataona kitu. Mgonjwa ataambiwa hana seliaki, atarudi kwenye maandazi, na baada ya nusu mwaka tunampokea tena wodini akiwa amekonda kuliko mara ya kwanza. Tena nauli ya Mwanza imekwisha kuliwa.

Ndiyo maana nilimwambia mama yule, bado.

Anayetaka kujua ni ngano kiasi gani, kanuni inayotumika sehemu nyingi ni kula kitu cha ngano katika zaidi ya mlo mmoja kila siku, kwa muda usiopungua wiki sita kabla ya kipimo. Vipande viwili vya mkate asubuhi na chapati moja jioni vinatosha, hakuna haja ya kujishindilia. Lakini nasisitiza: kama ngano inamletea mgonjwa kutapika sana au kuharisha kunakomwishia maji, asijilazimishe. Arudi hospitali, daktari aamue. Na mtoto mdogo aliyedhoofu, au mama mjamzito, asifanyiwe jambo hili kwa ushauri wa gazeti. Hao wazungumze na daktari uso kwa uso.

Kwa aliyekwisha kuacha: usifiche. Mwambie bingwa tarehe uliyoacha. Ataamua kama urudie ngano kwa wiki kadhaa kabla ya kupimwa. Kuna pia kipimo cha urithi, ambacho hakijali umekula nini. Kikionyesha huna mbegu za ugonjwa huu, seliaki karibu inafutwa kabisa. Kikionyesha unazo, hakithibitishi lolote, maana watu wengi wazima wanazo.

MAMBO YASIYONGOJA BINGWA

Kungoja siyo kukaa. Kuna kazi nyingi inayoweza kufanyika Ngara na Biharamulo, na kwa maoni yangu hapa ndipo tunapowapoteza wagonjwa. Mtu akishasikia jina jipya la ugonjwa, yale ya kawaida anayasahau. Ukweli ni kwamba magonjwa mengi ya huku hulaza vinyweleo vya utumbo na kuleta dalili zilezile.

Choo kipimwe, na kisipimwe mara moja tu. Kijidudu kiitwacho giardia, kinachotokana na maji machafu, hakitoki kila siku, kwa hiyo sampuli tatu za siku tofauti ni bora kuliko moja. Minyoo ya safura hunyonya damu kimyakimya. Kwa wanaoishi au waliosoma karibu na ziwa, kichocho kitafutwe. Kipimo cha Virusi vya UKIMWI kirudiwe kama muda umepita, na watu waache kukiona kama tusi. Ni kipimo kama vingine, na kikitoka safi kinamwondolea daktari njia moja ya kutafuta. Kifua kikuu huweza kuketi tumboni bila kikohozi: homa za jioni, jasho la usiku, tumbo kujaa maji. Huo una dawa, na kuuchelewesha ni hatari.

Binti yule alikutwa na giardia. Akatibiwa. Kuharisha kulipungua, hakukwisha. Wengine wangesema basi, safari ya Mwanza haina maana. Sikukubali. Mtu anaweza kuwa na kupe na bado akawa amevunjika mguu. Damu yake ilikuwa bado chini, na namba ile ya mpakani ilikuwa bado inataka maelezo.

Upungufu wa damu utibiwe wakati wa kungoja. Vidonge vya madini ya chuma havipatani na chai. Vimezwe mbali na chai, walau saa moja au mbili, na vikisindikizwa na chungwa au limao ni vizuri. Maziwa yakimvimbisha tumbo mgonjwa, ajaribu mtindi. Utumbo uliojeruhiwa hushindwa sukari ya maziwa mabichi lakini mara nyingi huvumilia yaliyoganda. Anayeharisha anywe maji ya chumvichumvi ya pakiti. Ale maharage, dagaa, mayai, karanga, mboga za majani. Kula ngano kwa ajili ya kipimo haina maana ya kuacha chakula bora.

Kuna dalili ambazo zikitokea tarehe ya Bugando haihesabiwi tena, bali mgonjwa aletwe siku hiyohiyo: damu katika choo, kutapika kusikokoma, homa isiyoshuka, miguu kuvimba, vidole vya mikono kukakamaa na kujikunja vyenyewe, kuzimia, au moyo kwenda mbio hata akiwa amekaa.

Mgonjwa awe na daftari. Achore mistari: tarehe, nilichokula, choo mara ngapi, maumivu. Bingwa huwa na dakika chache, na daftari la wiki sita humweleza zaidi ya kumbukumbu za mtu mwenye hofu. Katika kuandika mtagundua ngano iliyojificha. Unga wa lishe unaouzwa madukani, ule wa mahindi, ulezi, soya na karanga, mara nyingi umetiwa ngano pia. Vitumbua ni vya mchele, lakini wapo wapishi wanaochanganya. Bia ya chupa hutengenezwa kwa shayiri. Pombe yetu ya ndizi na mtama haina shayiri, ila sikuandika hivyo ili mtu aone ameruhusiwa.

Na wale wanaouza mizizi ya "kusafisha utumbo" minadani, pamoja na wanaotumiana ujumbe kwamba ngano ni sumu kwa kila mtu, wanatuongezea kazi bure. Kama ni uchawi, mbona unafuata maandazi?

HUKO BUGANDO

Bingwa wa magonjwa ya tumbo atapitisha mpira mwembamba wenye kamera mdomoni hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, na kuchukua vinyama vidogo kama punje ya mtama. Kukata hakuumi, mpira ndio unaoleta kichefuchefu. Huchukuliwa vinyama kadhaa, kwa kawaida vinne au zaidi, kwa sababu ugonjwa huweza kukaa sehemu moja ukaacha nyingine. Hata hivyo vinyama navyo vinaweza kutoa jibu la nusunusu, kwa yale magonjwa niliyoyataja. Ndipo bingwa huweka pamoja damu, kinyama, daftari, na jinsi mgonjwa anavyoitikia akiachishwa ngano kwa mpango. Wakati mwingine ataambiwa arudi baada ya miezi kadhaa kupimwa tena. Hiyo haina maana kwamba daktari hajui kazi.

Ugonjwa ukithibitishwa, dawa ni moja: kuacha ngano, shayiri na rai maisha yote. Kwa mtu wa Kagera hilo ni rahisi kuliko kwa mtu wa Roma. Shida yetu itakuwa mashine ya kusaga inayosaga ngano kisha mahindi, na mafuta yaliyokaangiwa maandazi kisha mihogo. Hayo tutayaeleza toleo lingine.

NA HOSTIA JE?

Swali hili huulizwa kwa aibu, nami nalijibu waziwazi. Hostia ni ya ngano. Anayengoja kipimo aendelee kupokea kama kawaida. Ugonjwa ukithibitishwa, Kanisa limekwisha kuliona jambo hili. Barua ya tarehe 24 Julai 2003, iliyotiwa sahihi na Kardinali Joseph Ratzinger, inaruhusu hostia zenye gluteni kidogo sana, kwa kibali cha askofu wa mahali, na inasema mlei asiyeweza hata hizo anaweza kupokea Damu Azizi peke yake. Waraka wa mwaka 2017 ulikumbusha kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haifai kwa Ekaristi. Basi mgonjwa aongee na paroko mapema, siyo kwenye mstari wa Komunyo. Amwombe kikombe cha pembeni, kwa sababu katika kikombe kikubwa padre hutia kipande cha hostia.

KABLA YA SAFARI

Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, wanaopitia Geita hawangojei tena kivuko. Hata hivyo toka siku moja kabla. Beba barua ya rufaa, karatasi halisi ya majibu yenye mpaka wa maabara, majibu yote ya choo na ya damu hata yale yaliyotoka safi, dawa unazomeza zikiwa katika pakiti zake, na lile daftari. Uliza kwa simu saa ngapi uache kula. Kwa kawaida tumbo liwe tupu saa sita hadi nane. Anayechoma insulini aulize mapema afanyeje asubuhi hiyo, asiamue mwenyewe. Nenda na ndugu, maana ukichomwa sindano ya usingizi hutaruhusiwa kuondoka peke yako.

Majibu ya vinyama hayatoki siku hiyo. Kabla ya kuondoka uliza kama yatatumwa hospitali iliyokuandikia rufaa au utayafuata, na uliza pia kama sasa, baada ya vinyama kuchukuliwa, unaweza kuacha ngano au uendelee hadi yatoke.